Mwaka Mmoja wa Dada Pasi na Suti Iliyokuwa na Mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, mlango wa duka la dobi unasukumwa na mtu ambaye hakuna anayemtarajia. Ni mwanamume wa makamo, anatembea kwa kuegemea fimbo, na shati lake limemzidi mabegani kana kwamba ameliazima kwa kaka yake. Anafika kaunta, anafungua pochi, anatoa risiti iliyokunjwa hadi mikunjo imeanza kutoboka.

"Habari za asubuhi, mwanangu. Nimekuja kuchukua suti yangu. Samahani, nimechelewa kidogo."

Mwanamke wa kaunta anasoma tarehe na kuanza kucheka. Kicheko kinamkatikia njiani.

"Wifi!" anaita kuelekea nyuma. "Acha pasi, njoo. Njoo sasa hivi."

Anayeitwa anatokea kwenye mvuke huku akijifuta shingo kwa kitambaa. Wateja wanamwita Dada Pasi, na hata mume wake ameshalizoea jina hilo. Ana miaka thelathini na minne, ana alama ya kuungua kwenye kila mkono, na anaongea polepole kama mtu anayenyoosha kola. Anaitazama risiti. Suti ya kijivu, vipande viwili, iliachwa miezi kumi na moja iliyopita.

Anaikumbuka vizuri. Anakumbuka hata ilikokwenda.

"Baba, karibu uketi," anasema.

"Sitaki kuketi, mwanangu. Nikishaketi, kuinuka ni shughuli. Mimi nataka suti."

Suti haipo. Dada Pasi mwenyewe aliipiga pasi, akaipiga picha, akaiandikia maneno machache kwenye blogu yake, kisha akamkabidhi mtu aliyekuwa na shida nayo. Na mgeni huyu amefika katika wiki ile ile ambayo blogu hiyo, iitwayo Nguo Yako Ipo, inatimiza mwaka mmoja.

Kila duka la dobi lina nguo zilizosahauliwa. Watu huhama, hunenepa, hugombana na waliowanunulia, au hukosa tu pesa ya kuzikomboa. Hapa zilikuwa zikining'inia kwenye kona ya nyuma, zikila vumbi, mpaka siku ambayo mama mmoja alimleta binti yake na sketi ya shule iliyomwagikiwa rangi.

"Ile rangi haikuwa ya kutoka," anakumbuka Dada Pasi. "Nilimwambia, mama, hii imekwisha. Mtoto akaanza kulia. Na nyuma ya kichwa changu palikuwa na sketi kama ile ile, saizi ile ile, haina mwenyewe tangu mwaka uliopita. Nikashindwa kuitoa kwa sababu si yangu. Usiku ule sikulala vizuri."

Kesho yake alimfuata mwenye duka, ambaye wafanyakazi wote humwita Tajiri, akamwomba ruhusa ya kugawa nguo zilizopitisha miezi mitatu. Risiti za duka zinasema wazi kwamba baada ya muda huo duka halihusiki tena. Tajiri alikuna kichwa, akasema, "Gawa, lakini usinijazie watu mlangoni."

Ndipo ikazaliwa blogu. Badala ya watu kujazana mlangoni, nguo zingewafuata kwenye simu zao.

"Msomaji wa kwanza alikuwa mume wangu," anasema. "Wa pili nilikuwa mimi mwenyewe, nikiingia kuangalia kama kuna msomaji."

Alichoandika hakikufanana na matangazo. Chini ya picha ya shati jeupe aliandika: "Mikono mirefu. Kola ina doa dogo ukilitafuta sana, usipolitafuta, halipo. Linamfaa mtu anayeanza kazi Jumatatu." Chini ya gauni la bluu: "Limechezewa harusi moja tu. Lina hamu ya nyingine."

Watu wakaanza kutumiana. Baada ya miezi miwili wakaanza pia kuleta nguo zao wenyewe, safi, zilizokunjwa, nyingine zikiwa na kikaratasi cha salamu mfukoni. Kwa mwaka mzima, mavazi zaidi ya mia tatu yamepita mikononi mwake. Mshahara wake haujaongezeka hata kidogo, na bando la intaneti analilipa mwenyewe kwa kushona vifungo vya watu siku za Jumapili.

Mwaka huo umemfundisha mengi. Amejifunza kwamba mtu hajiombei.

"Karibu kila meseji inasema, naomba kwa niaba ya rafiki yangu. Basi namuuliza, rafiki yako anavaa saizi gani? Ananijibu, kama yangu tu. Nami sicheki. Namwambia, basi mlete rafiki yako ajaribu, na kama ana shughuli, jaribu wewe."

Amejifunza pia kwamba wapo watakaochukua makoti matatu na kuyauza sokoni kabla jua halijazama, na wapo watakaomwandikia kwamba anajitafutia jina. Hao wa jina huwajibu kwa kifupi: "Jina ninalo, la pili la nini?"

Ana sheria mbili ambazo hajawahi kuzivunja. Hapigi picha ya anayepokea, na humwahidi kila anayepokea maneno haya: "Hii sasa ni yako. Hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi."

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyombana asubuhi ile, mbele ya mtu mwenye fimbo.

Katika duka hili kila nguo hushonwa uzi mfupi ndani ya kola au kiunoni, ili nguo za mtu zisiingiliane na za mwingine. Uzi wa njano ni wa wateja wa kila wiki. Wa bluu ni wa nguo zisizoingizwa kwenye mashine. Uzi mwekundu maana yake mwenyewe ameomba nguo imsubiri, hata akichelewa namna gani.

Suti ya kijivu ilikuwa na uzi mwekundu. Wifi yake, yule wa kaunta, ndiye aliyeushona siku ilipopokewa.

Lakini Dada Pasi ana desturi yake. Kabla ya kutoa nguo yoyote ya blogu, hufumua alama zote. "Sikutaka mtu awe amekaa kazini kwake huku kola inamnong'oneza kwamba amevaa ya mwingine," anasema. Kwa huruma hiyo hiyo alichukua mkasi.

"Ule uzi niliuona, siwezi kusema uongo. Niliuona na niliona ni mwekundu. Nilikuwa nimeshapiga namba ya kwenye risiti mara kadhaa, haipatikani. Na kichwani nilikuwa na kijana wa watu anayeanza kazi kesho yake, hana koti, ameambiwa bila koti asije. Nikasema, huyu mwenye suti ameshasahau. Nikakata."

Mwenye suti hakuwa amesahau.

"Niliiacha hapa Jumanne," alieleza asubuhi ile, sasa akiwa amekubali kuketi. "Ijumaa nikaamka wodini. Gari. Simu sijui ilikwenda wapi, mguu huu hapa unauona. Kitu kimoja sikukipoteza, ni hii risiti. Kila nikiulizwa na wauguzi kwa nini nailalia, nawaambia hii ni suti yangu."

Dada Pasi hakumzungusha. Alimwambia yote, kuanzia uzi mpaka mkasi. Wifi yake alikuwa ameinamisha uso kwenye kaunta.

"Basi niambie aliyenayo," mzee akasema. "Nitamwendea kiungwana. Sitamgombeza."

"Siwezi, baba."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili. Huyo hana kosa, kosa ni langu. Nilimwahidi hataulizwa, na akiulizwa leo ataivua hata kama yuko mbele za watu. Namfahamu."

Tajiri, aliyekuwa amevutwa na sauti, aliingia kutoka nje. Alisikiliza, kisha akamvuta mfanyakazi wake pembeni, si mbali sana.

"Namba ya huyo kijana unayo?"

"Ninayo."

"Si umpigie yaishe?"

"Nilimwambia hakuna atakayemuuliza, Tajiri."

"Ulimwambia wewe. Mimi sikumwambia kitu."

"Ndiyo maana namba ninayo mimi."

Tajiri alitikisa kichwa. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye duka. "Haya. Lakini huyu mzee asitoke hapa akalichafua jina la duka. Mmalizane naye."

Kumalizana na mzee haikuwa kazi ya kumpa suti nyingine. Suti nzuri zilikuwepo, hata ya kijivu ilikuwepo. Mzee alizitazama na kuzirudisha kwa mkono.

"Suti ile alininunulia binti yangu kwa mshahara wake wa kwanza," alisema. "Anaolewa Jumamosi hii. Nilipokuwa wodini watu walimfikishia habari kwamba nauza vitu. Ni kweli niliuza. Redio niliuza, kitanda niliuza, saa ya ukutani niliuza. Akanipigia kwa simu ya jirani yangu wa kitanda, akaniuliza, baba, na suti? Nikamwambia iko kwa dobi. Juzi kaniuliza tena. Nikamwambia iko kwa dobi. Sasa nikitokea na nyingine ataamini nini? Atasema baba ameiuza, na ameninyamazia mwaka mzima."

Pasi ya mvuke ilikuwa ikipumua peke yake kule nyuma.

"Anafika lini?" Dada Pasi akauliza.

"Jumamosi asubuhi. Anafanya kazi mji mwingine. Saa nne atakuwa nyumbani, saa nane ndoa."

"Basi saa nne na mimi nitakuwa hapo. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaanza kuvaa. Uzi niliukata mimi, na maneno nitayasema mimi."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Utakuja kweli? Watu wa mjini mna ahadi nyingi."

"Nitakuja, baba."

Ilibaki shida ya vazi lenyewe. Za kwenye hanga za blogu mzee alizikataa katakata. "Mimi si mtu wa kugaiwa, mwanangu. Ukiniazima nitaazima. Ukinigawia nitaondoka."

Kwa hiyo jioni ile Dada Pasi alifungua kabati la nyumbani kwake. Mume wake, fundi baiskeli, ana suti moja, ile aliyooa nayo.

"Mke wangu," alisema fundi, akiwa amesimama mlangoni na mikono yenye grisi, "umegawa nguo za watu mpaka zimekwisha, sasa umefika kwenye kabati langu. Kesho utafikia na mimi mwenyewe, nijikute nimepigwa picha: mwanamume mmoja, ametumika kidogo, anamfaa asiye na mume."

"Wewe huna saizi ya mtu."

"Na nyinyi mawifi mmekubaliana?"

"Ni ya kuazima. Itarudi."

"Kama ile ya mzee wa watu ilivyorudi?"

Alipoona mkewe hacheki, fundi alinawa mikono, akaitoa suti mwenyewe na kuikung'uta. Mzee alikuwa amekonda sana, ikabidi kiuno kipunguzwe kwa mshono wa muda. Dada Pasi alipomaliza, alishona uzi mwekundu ndani ya kola, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika.

Kesho yake, Alhamisi, meseji ikaingia kutoka kwa chama cha wafanyabiashara wa mtaa.

Ili ieleweke uzito wake, lazima isemwe kwamba blogu hii haina pa kukaa. Ile kona ya nyuma ya duka inatakiwa mwisho wa mwezi. Tajiri amenunua mashine mpya ya kukaushia, na mashine haiwezi kuning'inizwa. Chama kilikuwa na chumba kimoja cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kikitafuta mradi wa kijamii wa kukitumia bure kwa mwaka. Dada Pasi aliomba, akafika hatua ya mwisho pamoja na wengine wawili. Alishakwenda kukipima kwa macho. Alishajua hanga zitakaa wapi, kioo kitakaa wapi, na pazia la mtu kujaribia nguo bila kuonekana litafungwa wapi.

Meseji ilisema kikao kilichopangwa Jumanne ijayo kimewahishwa. Sasa ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwenye mradi afike mwenyewe, hakuna uwakilishi.

Wifi yake aliisoma kwa sauti mara mbili, kana kwamba saa ingebadilika katikati.

"Unakwenda kwenye kikao," akasema. "Huyo bibi harusi utamkuta jioni kwenye sherehe. Utamwambia hapo hapo, na pilikapilika zimeshapungua."

"Jioni atakuwa ameshamwangalia baba yake mchana kutwa kwa jicho la mtu aliyedanganywa."

"Basi mpigie simu."

"Simu nikiona aibu nitaikata. Mlangoni utakata nini?"

"Wifi, hiki ni chumba! Mwaka mzima umelilia chumba. Mzee mwenyewe akijua atakuruhusu."

"Ndiyo maana hataambiwa na mtu," Dada Pasi akajibu. "Na wewe pia hutamwambia."

Aliwapigia chama, akawaeleza kwamba ana neno alilompa mtu kwa saa hiyo hiyo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole na haikubadilika: wanakamati wameshapangwa. Wifi yake alikwenda Jumamosi hivyo hivyo, kavaa vizuri, kajifunza maelezo yote kichwani. Walimkaribisha kiti na maji ya kunywa, wakamsikiliza kwa heshima, na chumba wakawapa wengine.

"Sijutii kwenda," anasema wifi mtu. "Angalau nilikaa ndani ya chumba chetu kwa dakika ishirini."

Leo kwenye ukurasa wa kwanza wa Nguo Yako Ipo hakuna picha ya nguo. Kuna maandishi ya mwaka mmoja, mafupi. Yanaeleza kwamba nguo iliyokuwa na mwenyewe ilitolewa kwa makosa, na kwamba aliyekosea ni mwandishi. Rangi ya nguo haikutajwa wala mwezi, ili aliyeivaa asijitambue na asitambuliwe na mtu. Wapo wasomaji waliomwita mwizi mstaarabu. Wapo walioacha kusoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa akileta nguo kila mwezi alisema hataleta tena mpaka aone.

"Ana haki ya kuona," anasema Dada Pasi, akiweka maji kwenye pasi. "Na ataona."

Kuanzia mwaka huu wa pili hafumui tena uzi wowote peke yake. Nguo ya kutolewa inapita kwanza kwa wifi yake, naye huitazama kola na kiuno kabla mkasi haujasogea. Uzi mwekundu hautolewi kabisa. Nguo yenye uzi huo itangoja hata kama itaning'inia mpaka wajukuu wa mwenyewe waje kuiulizia.

Na pa kukaa? Mume wake ameshahamisha nusu ya baiskeli zake kutoka kwenye kibanda cha kazi. Amefunga waya mrefu kutoka ukuta hadi ukuta, akauvuta kwa nguvu za mtu anayekaza spoki. Kuna harufu ya mpira na grisi, kwa hiyo nguo zitafunikwa shuka. Kioo bado hakijapatikana. Pazia lipo.

"Chumba cha dirishani nitakiomba tena mwakani," anasema. "Nitakiomba na mwaka wa tatu. Wao watachoka kunikatalia kabla mimi sijachoka kuomba. Nimesimama mbele ya pasi miaka tisa, miguu yangu inajua kusimama."

Lakini Jumamosi ile, saa nne kasoro, hayo yote yalikuwa bado. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba asiyoijua, upande wa pili wa mji, akiwa na viatu vyake vya kutokea. Ndani kulikuwa na sauti za wanawake, maji yakimwagwa, mtu akiuliza pini ziko wapi. Simu yake ilitetemeka ndani ya mkoba. Aliizima bila kuitazama, akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na mzee mwenyewe, ndani ya suti ya fundi baiskeli, fimbo mkononi. Alisogea pembeni kumpisha.

Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye kiti, nywele zimeshikiliwa nusu, kanga begani. Macho yake hayakwenda kwa mgeni. Yalikuwa kwenye koti la baba yake.

"Mimi ndiye dobi," Dada Pasi akasema, akiwa bado amesimama. "Suti uliyomnunulia baba yako hakuiuza. Aliniachia mimi, akaomba nimsubiri. Mimi sikumsubiri. Niliikata alama yake, nikampa mtu aliyekuwa hana. Mwaka mzima baba yako alikuwa anakwambia kweli."

Mwanamke aliyekuwa akishika nywele aliacha.

Bibi harusi alimgeukia baba yake. Mzee akaangalia chini, akirekebisha fimbo ambayo haikuwa na tatizo. Binti aliinuka, akamwendea, akanyoosha kola ya lile koti la kuazima. Kidole chake kikagusa uzi mwekundu uliochomoza ndani. Hakuuliza ni wa nini.

Aliuliza jambo moja tu, akiwa bado amempa mgeni mgongo.

"Huyo uliyempa. Ilimkaa vizuri?"

"Mabegani kama aliyepimwa," akasema Dada Pasi.

"Haya." Akawageukia wanawake. "Mpeni dada kiti. Amesimama muda mrefu."